Kuruka au kutembea: tumbo litapungua kwa lipi?

SWALI: Shikamoo Kocha. Nina miaka 43, kazini nakaa dirishani kupokea fedha kutwa. Usiku binti yangu ananifanyisha mazoezi ya kwenye simu: sekunde 20 unaruka, 10 unapumzika. Goti la kulia linauma hadi kesho yake, na usingizi hauji. Jirani ananiambia nitembee tu, eti mwendo wa polepole ndio unaochoma mafuta. Nataka tumbo lipungue na nilale. Nimsikilize nani?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Acha kuruka kwa sasa. Mtindo huo wa sekunde 20 kwa 10 ulipata umaarufu kwa utafiti wa Izumi Tabata wa Japani, mwaka 1996. Waliopimwa walikuwa vijana wanamichezo, tena juu ya baiskeli ya mazoezi. Hakuna aliyerukaruka kwenye sakafu ya saruji na goti bovu.

Jirani naye kapatia nusu. Ukienda polepole, sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta, ila kwa dakika moja unatumia nguvu kidogo. Tafiti zilizolinganisha mazoezi makali na ya wastani zimekuta mafuta yanapungua karibu sawa. Makali huokoa muda tu. Na hakuna zoezi linalochagua kupunguza tumbo peke yake, chakula nacho kina sehemu yake kubwa. Mwendo wa taratibu si wa kudharau: hata wanariadha wa Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, kilomita zao nyingi hukimbia taratibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 ya makali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Hayo ya misuli ndiyo kina mama wengi huyaacha, nami huniuma sana, maana umri wako ndio misuli inaanza kupungua.

Kwa hiyo, ukitoka kazini shuka daladala mapema, utembee kwa kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Mara mbili kwa wiki, kaa kitini na uinuke bila kushika popote, mara 10, pumzika, rudia. Goti likilalamika, weka mto juu ya kiti usishuke chini sana. Ongeza pushapu za ukutani. Binti afanye nawe, jioni mapema. Mazoezi makali karibu na kulala huweza kufukuza usingizi.

Goti likitulia kabisa, tafuta kimlima: panda haraka dakika moja, shuka polepole. Kabla ya hapo pima presha, na goti likivimba nenda likaangaliwe.