Kabla hujatoa albamu ya peke yako nje ya bendi

Mwimbaji wa roki akiniambia anataka kutoa albamu yake mwenyewe, namuuliza kwanza: nyimbo zipi? Habari za studio, prodyuza na pesa tutazifikia. Nataka kusikia nyimbo ambazo bendi yake haiwezi kuzibeba. Akinitajia zile ambazo wenzake wangezipiga kwa furaha Ijumaa hii hii, namwambia arudi mazoezini akazipige nao. Hana sababu ya kujitenga, na msikilizaji ataligundua hilo mapema.

Nimeimba roki Dar es Salaam miaka mingi, kwanza nikiwa na bendi, baadaye kwa jina langu. Muziki wetu hapa una wapenzi wa kweli lakini ni wachache, redio hazitupigi sana, na gharama zote zinatoka mfukoni mwako. Ndiyo maana nasisitiza sababu. Bila hiyo utachoka katikati.

Mfano ninaoupenda ni wa mtu aliyezaliwa jirani kabisa na sisi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Tunajivunia hilo, bendi yake ya Queen tunaijua, lakini Mr. Bad Guy, albamu yake ya kwanza ya peke yake, huku haizungumzwi inavyostahili. Ilitoka Aprili 1985. Aliirekodi Munich, Ujerumani, pamoja na Reinhold Mack, prodyuza ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Queen, ila wapigaji walikuwa wengine: Fred Mandel kwenye kinanda, Paul Vincent kwenye gitaa, Curt Cress kwenye drams. Isikilize utaelewa alikuwa anatafuta nini. Vinanda viko mbele, midundo ni ya kuchezeka, na gitaa limesogezwa pembeni. Ule ulikuwa upande wake ambao ndani ya bendi ya watu wanne ulilazimika kujadiliwa kila mara.

Na hakuivunja bendi. Julai 13 mwaka uleule alisimama na wenzake uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la hisani la Live Aid. Alifariki mwaka 1991, na katika albamu yao ya 1995 Queen walizirudia nyimbo mbili za Mr. Bad Guy, wakabakiza sauti yake na kuizungushia magitaa na drams zao. Tafuta matoleo yote mawili uyasikilize mfululizo, jioni moja, kwa hedifoni. Mwimbaji ni yuleyule, anaimba maneno yaleyale, lakini nyimbo zina tabia mbili tofauti. Sijaona darasa zuri kuliko hilo kwa mtu anayejiuliza albamu yake itatofautianaje na bendi yake.

Sasa turudi kwetu. Waambie wenzako mapema, tena kwa mdomo wako. Dar wanamuziki tunajuana. Mpiga besi wako Jumamosi anapiga harusini na kijana uliyemwomba akupigie drams, habari itamfikia kabla hujafungua mdomo. Mkikaa, amueni nyimbo ni za nani. Wimbo ulioanzia mazoezini, gitaa likiwa la mwenzako na maneno yako, si wako peke yako hata kama wewe ndiye unayeuimba kila wiki. Andikeni na kila mtu asaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua pia anayepiga, kwa hiyo hata wapigaji uliowalipa siku moja, andikianeni. Kazi ikikamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Haya ni mambo ya mchana mmoja, na yanaokoa urafiki wa miaka.

Kazi ngumu iko kwenye drams. Studio nyingi za Sinza, Kinondoni na Tabata zimejengwa kwa ajili ya bongo fleva: kompyuta, spika nzuri, na kachumba kadogo ka kuingizia sauti. Kwa biti hilo linatosha kabisa. Kwa roki drams zinahitaji chumba kinachopumua. Ushauri wangu ni kutafuta ukumbi, na kumbi za makanisa mara nyingi zina drams tayari na dari refu. Zungumza na wahusika wakupe asubuhi ya katikati ya wiki. Maikrofoni nne zinatosha ukizipanga vizuri: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye sneya, ile ngoma ndogo ya katikati yenye mlio mkali, mbili juu. Rekodi drams za albamu nzima humo kwa mkupuo, besi ikipigwa papo hapo ili wawili hao washikane, kisha nenda kwenye kile kistudio kidogo kwa magitaa na sauti. Drams za kompyuta zinasikika safi, lakini mtu akiongeza nguvu anapokaribia kiitikio, kompyuta haijui kumfuata. Mimi kwenye roki sizikubali.

Angalia pia kalenda. Masika ikianza, kelele za mvua kwenye bati la ukumbi zinaingia kwenye kila maikrofoni. Feni lazima izimwe, kiyoyozi kizimwe, na joto la Februari ndani ya chumba kilichofungwa linamaliza sauti ya mtu upesi sana. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu. Nyuzi za gitaa badilisha wiki unayorekodi, hewa ya bahari inazitia kutu.

Kuhusu sauti, mwimbaji wa bendi amezoea kupigana na drams. Jukwaani hilo linakusaidia, studioni linakuumiza, maana hakuna unayeshindana naye na kila mkwaruzo unasikika. Imba kwanza kwa sauti ya kuongea, wimbo mzima, kisha ongeza pale maneno yanapodai. Nyimbo za kupayuka zipange siku tofauti.

Kuna jambo la lugha ambalo naliona kwa vijana wengi wanaoimba roki kwa Kiswahili. Muziki huu tumeujifunza kupitia Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari unamalizikia kwenye pigo zito. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mstari kama "nisubiri bandarini". Ukiliangusha pigo kwenye "ni" ya mwisho na kuivuta, umelipinda neno. Liangushe kwenye "ri", livute hapo kadiri pumzi inavyoruhusu, halafu "ni" idondoke yenyewe baada ya pigo. Wakati mwingine utalazimika kuhamisha melodi nzima nusu pigo. Hamisha. Mashabiki wataanza kuimba nawe bila kufundishwa.

Usambazaji sitauongelea sana. Kampuni za kukupeleka kwenye mitandao ya kusikilizia muziki kama Boomplay na Spotify zipo, soma mkataba, jua asilimia yako. Maliza usajili wako BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema kabla hujatangaza shoo.

Na shoo ya kwanza ifanye mahali padogo penye watu wanaokaa kusikiliza. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kule Mikocheni, wamezoea muziki usio wa kawaida, anza kuulizia hapo. Piga albamu yako mwanzo hadi mwisho, na wapigaji walioirekodi. Watu watapaza sauti wakidai ule wimbo maarufu wa bendi. Usiupige usiku huo. Waambie bendi inapiga lini na wapi, kisha endelea na wimbo wako unaofuata.