Mashindano sawa, ila mwalimu akae pembeni

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza hivi mashindano ya sanaa yanamjenga mwanafunzi wa sekondari au yanampotezea tu muda wa masomo. Mi nasema yanamjenga, tena sana, ila mengi tunayoyaona huku kwetu si mashindano ya wanafunzi, ni ya walimu, watoto wanaazimwa tu miili na sauti.

Mi mpiga ngoma hapa Bagamoyo, riziki yangu harusi na shughuli za watu, na UMISSETA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, ikikaribia kuna shule zinaniita nije kuwanoa vijana. Nikifika nakuta mambo yashapangwa zamani. Mwalimu katunga wimbo, ubeti wa kwanza kumkaribisha mgeni rasmi, wa pili mazingira au lishe kutegemea na kaulimbiu, mtoto kazi yake kukariri na kutabasamu. Ngoma ni sindimba au bugobogobo manake majaji wameizoea. Wamakonde na Wasukuma nawaheshimu, ngoma zao tamu, lakini mtoto wa Dunda huyu kakulia kwenye mdundiko, ngoma ya hapa pwani, mwali akitolewa mtaa mzima unaifuata barabarani mpaka watu wanasahau mboga jikoni, na yeye mwenyewe anaipiga kwenye ndoo ya plastiki wala hakumbuki nani alimfundisha. Muulize mbona hupigi hiyo, anakwambia sir kasema ile ya kihuni.

Kuna mwaka tulikua tunapasha ngoma nyuma ya jiko la shule, tumewasha makuti, ngozi zinaanza kukaza ukigonga unasikia sauti inapanda, basi kijana mmoja wa form three wakati anasubiri akaanza kupiga vyake, kaushika mdundiko kauchanganya na singeli, mwenzie akadakia na maneno ya papo kwa papo kuhusu foleni ya maji bwenini, nani anaruka foleni, nani ndoo yake ina tundu, afu wengine wakaanza kuitikia, mpishi katoka na mwiko mkononi anacheka. Ile ndo ilikua shoo. Kesho yake jukwaani hakuna hata chembe ya kile kitu, wamevaa sare wamesimama mstari, wameimba lishe, wakatoka wa nne. Jaji hakuwaambia wamekosea wapi wala wamepatia wapi, kajaza karatasi yake kaondoka nayo.

Sasa wale wanaosema ushindani unaua sanaa mi siwaelewi, hii pwani sanaa yake imelelewa na ushindani. Wazee wetu walikua na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, toka Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar, huku kwetu kundi la Marini upande huu la Arinoti upande ule, magwanda, tarumbeta, vyeo vya kujipa wenyewe, kila kundi linataka kumzidi mwenzie kwa mavazi kwa nyimbo na kwa kulisha watu. Taarab ya Tanga nayo mnaijua, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyokua vinashindana. Lakini mtu alikua halali usiku anatafuta jibu la kijembe kwasababu wimbo ni wake, aibu yake na sifa yake. Nani atakosa usingizi kwa wimbo wa sir?

Watu wanapenda kututolea mfano wa Kenya, na kweli wenzetu tamasha lao la maigizo ya shule lipo toka 1959, linapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa, hongera zao. Ila hata kule ugonjwa huuhuu upo. Aprili 2025 Nakuru mchezo wa wasichana wa shule moja ulileta varangati mpaka mabomu ya machozi yakapigwa, na mahakama ilishasema waachwe wacheze. Mi niliumia kwa ajili ya wale wasichana, lakini aliyeuandika ule mchezo ni mwanasiasa mtu mzima. Wao wenyewe wangeandika nini? Mi ningependa kuliona hilo.

Kwahiyo Bagamoyo tufanye hivi. Chuo cha sanaa tunacho toka 1981, sa hivi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tamasha letu lilianza 1982, steji ipo, wajuzi wamejaa. Siku moja tu ya Jumamosi, shule zije asubuhi zipewe neno moja, mfano deni, au jirani, watoto waachwe peke yao chini ya miembe, walimu wakanywe chai mbali kabisa, jioni kila kundi lionyeshe kilichopatikana, iwe ngoma, igizo, ngonjera, na wachoraji nao wapewe ukuta wao badala ya kila siku bango la kampeni. Jaji akimaliza asimame aseme palepale mbele ya watu, wewe sauti yako nzuri ila umekimbia, nyie mwisho wenu haukueleweka.

Na hapo ndo jibu la muda wa masomo. Kinachokula vipindi si sanaa, ni yale mazoezi ya wiki nzima nzima kuwanyoosha watoto kwenye kitu cha mtu mwingine. Halafu wazazi wenzangu tusijifanye hatujasikia, mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi, na sanaa bunifu imo, kwahiyo kuna mtoto sa hivi hiyo ndo masomo yenyewe.

Zawadi nayo, kombe tuliache, linaishia kabatini kwa mkuu wa shule. Wachoraji wapeni rangi na brashi, kundi la ngoma lipeni seti ya ngoma zilizowambwa vizuri, mafundi tunao hapahapa mjini. Shule nyingi ninazoitwa hazina hata moja, nazibeba zangu kwenye bajaji kwenda na kurudi, na nauli mara nyingi naambiwa tutaonana kesho.