Maswali ya Wasomaji: Ukifika Dar es Salaam, Ulale Wapi?

Barua nne za mwezi huu zinauliza kuhusu malazi ya Dar es Salaam. Kabla hujauliza bei, jiulize: asubuhi utatoka saa ngapi, na utaelekea wapi? Barabara kubwa zinazoingia mjini ni nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Asubuhi foleni inaingia, jioni inatoka. Chumba rahisi kilicho barabara isiyo yako kitakula nauli, na kitakula nusu ya siku.

*Shikamooni. Mama yangu amepewa rufaa ya Muhimbili, atafanyiwa upasuaji. Tunakuja kwa basi, na tumeambiwa tujiandae kukaa wiki sita hivi. Tufikie wapi? (Binti, Singida)*

Marahaba, binti, na Mungu amjalie mama afya. Kwanza isome tena barua ya rufaa, maana Muhimbili ni mbili. Ya Upanga iko mjini, na ndani ya eneo lake mna Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ya Mloganzila iko upande wa Kibamba, nje ya Barabara ya Morogoro, zaidi ya kilomita 20 kutoka Upanga. Watu hulipia chumba Kariakoo wiki nzima, kisha siku ya kliniki wanagundua kwamba walipaswa kuwa Mloganzila.

Ikiwa ni Mloganzila, msishuke mjini. Basi lenu litapita Kibamba kabla ya kufika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Tafuteni chumba Kibamba au Mbezi hiyohiyo. Kila asubuhi mtakuwa mnakwenda kinyume na foleni, na kwa mgonjwa hiyo ni nafuu kubwa.

Ikiwa ni Upanga, angalieni kalenda. Kati ya Magomeni na hospitali kuna bonde la Mto Msimbazi, na masika, yaani Machi hadi Mei, maji yakijaa Jangwani Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na mabasi ya mwendokasi nayo husimama. Aliyelala Magomeni au Kinondoni hulazimika kuzunguka kwa Daraja la Salenda au la Tanzanite, pamoja na jiji zima linalozunguka huko. Kwa hiyo miezi hiyo laleni upande uleule wa hospitali: Upanga yenyewe, Kariakoo au Ilala. Miezi ya ukavu, Magomeni inafaa sana. Mwendokasi hadi kituo cha Fire, kisha bajaji fupi kwa Barabara ya Umoja wa Mataifa.

Kuhusu chumba chenyewe, msikubali kwa simu bila kuuliza haya. Kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ikikosa umeme kuna jenereta? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga au wa tumbo hawezi kuchuchumaa wala kupanda ngazi 60. Mnaruhusiwa kupika? Uji na supu vya kununua kila siku kwa wiki sita ni mzigo, na mgonjwa mara nyingi ana masharti ya chakula.

Msikimbilie kupanga chumba cha mwezi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, nanyi mnahitaji mmoja na nusu. Tafuteni gesti au lodge tulivu, laleni siku mbili kwa bei ya kawaida, kisha ombeni bei ya wiki. Mwenye gesti akishaona mgeni anakaa, huwa anashuka. Hakikisheni mnaandikiwa risiti, na kwamba bei mpya ni ya chumba kilekile.

*Tunataka kuwaleta watoto baharini likizo ya Desemba. Nimepata nyumba ya kupanga kwa siku, "Mbezi, tulivu, karibu na ufukwe", bei ni nusu ya zingine. Nilipie? (Baba wa watatu, Mbeya)*

Usilipe bado, ndugu. Mbezi nazo ni mbili. Mbezi Beach iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Mbezi Luis, ambayo wengine huiita Mbezi ya Kimara, iko Barabara ya Morogoro, na bahari huioni hata ukipanda juu ya bati. Zinaunganishwa na barabara ya Goba, kwa hiyo mtangazaji anaweza kusema "karibu" bila haya. Muulize: kituo cha daladala kilicho karibu kinaitwaje? Akisema Tangi Bovu, Makonde au Afrikana, ni Mbezi Beach. Kisha uliza ni juu au chini ya barabara. Chini ndiko kwenye bahari. Juu ni kuelekea Goba, na watoto watalazimika kuvuka Barabara ya Bagamoyo kila wakitaka kwenda kuogelea. Mwambie akutumie lokesheni kwenye simu, si picha.

Jambo la pili ni maji kupwa na kujaa, na hili ndilo linaloharibu likizo nyingi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Dar es Salaam hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Mkifika ufukweni asubuhi mtakuta matope, majani na mawe, na bahari iko mbali. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: asubuhi ya saa 4 maji yamejaa, lakini si mengi sana, na kwa watoto wadogo ndio wakati mzuri kuliko wote. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Kunduchi na baadhi ya sehemu za Mbezi Beach ufukwe umeliwa na bahari kwa miaka mingi, na maji yakijaa mchanga hupotea, mawimbi yanapiga ukuta. Kama mchanga ndio mnaoutaka, tunawashauri Kigamboni, upande wa Mjimwema. Mnavuka kwa kivuko cha Magogoni kwa dakika chache, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, ambalo gari hulipia. Kasoro yake ni kwamba ukiwa na shughuli mjini kila asubuhi, foleni ya kivuko itakuchosha. Kwa familia isiyo na shughuli mjini, si kasoro.

*Tunapanda boti ya kwanza ya kwenda Unguja. Tulale kwa ndugu Tegeta, au tulipie chumba? (Mchumba na mchumba, Tabora)*

Lipieni chumba usiku huo mmoja, maana Tegeta ni mbali na bandari. Bandari ya boti iko Barabara ya Sokoine, na inabidi muwe getini saa nzima kabla, na vitambulisho mkononi. Laleni Posta, Kisutu au Mnazi Mmoja. Kariakoo pia ni karibu, ila chagueni chumba cha nyuma, kwani mikokoteni na spika za matangazo huanza mapema. Ndugu wa Tegeta mwatembelee mkirudi.

*Nakuja kwa mafunzo ya miezi mitatu kuanzia Januari. Nimeonyeshwa vyumba viwili vya "self", kimoja ghorofa ya juu kabisa chenye AC, kingine ghorofa ya kwanza chenye pangaboi tu. Nachanganyikiwa. (Mwalimu, Njombe)*

Mwalimu, unatoka kwenye baridi unaingia kwenye miezi ya joto kali, na unyevu ndio utakaokusumbua zaidi. Vikague vyote viwili saa 10 jioni, usivikague asubuhi. Weka kiganja ukutani. Ukuta unaotazama magharibi, na dari ya ghorofa ya mwisho, hunyonya jua la mchana na kulitema usiku. Chumba kama hicho AC yake haipumziki. Upepo wa kaskazi, unaovuma Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Chumba chenye dirisha upande huo na jingine au mlango mkabala hupita upepo, na pangaboi linatosha.

Piga hesabu ya umeme wa LUKU. AC ya BTU 12,000 hula kama kilowati moja inapounguruma. Kwa usiku wa saa 8, ikizima na kuwaka, tegemea uniti 6. Shilingi 1,000 hutoa uniti kama 2.8, kwa hiyo ni zaidi ya shilingi 2,000 kwa usiku, karibu 64,000 kwa mwezi. Pangaboi usiku mzima halifikishi uniti moja. Uliza kama mita ni yako peke yako. Mita ya pamoja ndiyo chanzo cha ugomvi. Iwashe AC mbele ya dalali, iweke 25, subiri dakika 15. Ikidondosha maji ndani au ikinuka, haijasafishwa.

Fungua bomba uonje maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi: sabuni haitoi povu, na maji ya kunywa na kupikia utanunua. Tazama simtanki lina mfuniko, na nje hakuna matairi wala ndoo zilizotuama maji, maana mbu wa dengi huzaliana humo na huuma mchana. Homa ikikupata, nenda kapime malaria na dengi, na kabla ya majibu tumia parasetamoli tu. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu.

Kwa hayo uliyotueleza, sisi tungechukua cha ghorofa ya kwanza, mradi dirisha lina wavu mzima na kitanda kina chandarua. Dalali naye mlipe baada ya kusaini mkataba na kushika funguo.