Karakana nyuma ya nyumba: maswali yenu na majibu

Barua nyingi nilizopokea safari hii kutoka pande mbalimbali za Uganda zinahusu karakana ya nyumbani, na sababu yake ninaielewa: kodi ya chumba cha kazi mjini humaliza faida ya fundi anayeanza, ilhali nyuma ya nyumba yake pana nafasi inayoota majani tu. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni seremala hapa Jinja. Nina nafasi ya futi 14 kwa 30 nyuma ya nyumba, na kazi yangu ni vitanda na milango. Nijenge karakana ya ukubwa gani?

Ndugu yangu, tuanze na kazi yenyewe, kwani ukubwa wa jengo utatokana nayo. Kabla hujanunua tofali hata moja, chukua vigingi na kamba, uichore karakana juu ya ardhi hiyo hiyo, uweke maboksi matupu mahali pa mashine na benchi, kisha ubebe ubao mrefu kuliko yote uliyo nayo na ujaribu kugeuka nao humo ndani. Zoezi hilo huonyesha mambo ambayo mchoro wa karatasi huyaficha.

Linalowasumbua maseremala wengi ni urefu wa ubao unapopita kwenye msumeno wa meza. Ubao wa futi 14 unahitaji karibu futi 14 kabla ya msumeno na futi 14 nyingine baada yake, yaani futi 28 zilizo wazi, na wewe nafasi yako yote ina futi 30. Hata hivyo hulazimiki kukijaza kiwanja chote kuta. Panga msumeno katika mstari mmoja na mlango, na kwenye ukuta unaotazamana na mlango huo acha kidirisha chenye kifuniko, kwa kimo cha meza ya msumeno, ili ubao mrefu uingie mlangoni na kutokea kidirishani. Kwa mpango huo, jengo la futi 12 kwa 20 litakutosha, na futi zinazobaki zitakuwa baraza yenye paa ya kupangia mbao na kupakia vanishi mbali na vumbi la randa. Mlango uwe na upana usiopungua futi 6 na ufunguke kwa nje, kwa kuwa kitanda kilichokwisha kuunganishwa ni lazima kiweze kutoka.

Upana wa futi 14 usiumalize wote. Acha nafasi kila upande ili maji ya paa lako yaanguke kwako. Ugomvi mwingi wa majirani huanzia kwenye maji hayo.

Mimi niko Mukono na ninaishi kwenye kibanja, yaani kipande cha ardhi ya mtu mwingine ninachokikalia kwa kulipa kodi. Je, kibanda cha kuchomelea vyuma kinahitaji kibali?

Dada, Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka ujenzi upate kibali kutoka kwa kamati ya ujenzi ya mamlaka ya eneo lako. Nenda katika ofisi ya ujenzi ya manispaa ukiwa na mchoro unaoonyesha mipaka, nyumba iliyopo na mahali pa karakana, uulize kama jengo lako linahesabiwa kuwa kazi ndogo au la. Uliza kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu kusahihisha mchoro ni rahisi na kubomoa ukuta ni hasara.

Kuhusu kibanja, zungumza na mwenye ardhi na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mkubaliane kwa maandishi, na uhifadhi risiti zako zote za busuulu, yaani kodi ya kibanja. Mahali ambapo makubaliano hayo hayajakaa sawa, mimi ningejenga kwa nguzo za chuma zilizofungwa kwa bolti na kuta za mabati, ili siku ya kuhama jengo liweze kufunguliwa na kubebwa.

Niko Masaka. Fedha zangu ni chache. Nikiacha sakafu ya udongo kwa sasa na kumalizia kuta kwanza, kuna ubaya?

Ubaya upo, na ninakuomba sana ubadilishe mpango huo. Kuta zinaweza kuanza kwa mabati au mbao za magogo na kuboreshwa mwaka unaofuata, lakini sakafu ukishaijaza mashine huipati tena kwa urahisi. Juu ya udongo msumeno hautulii, unyevu hupanda hadi kwenye vyuma na kuvitia kutu, na mbao ulizozikausha kwa miezi hunyonya maji upya.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza mawe na murramu, ushindilie hadi mguu usiache alama, tandika nailoni nzito, kisha mwaga zege la unene wa sentimita 10 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Kwa chumba cha futi 12 kwa 20, zege hilo litachukua mifuko 15 hivi ya saruji ya kilo 50. Maji ya kuchanganyia yawe ya kiasi: wafanyakazi hupenda zege jepesi kwa kuwa linasambaa bila taabu, lakini maji yaliyozidi hupunguza nguvu yake na kuleta nyufa. Funika kwa magunia na uyamwagilie kwa siku 7, na mashine nzito zisubiri siku 28.

Sakafu iinuke angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, kwa ajili ya mvua na pia kwa ajili ya mchwa. Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo, na msingi ulio wazi hukuwezesha kuviona na kuvibomoa mapema. Nguzo ya mbao isiguse udongo, na vipande vya mbao visirundikwe ukutani kwa nje. Kiini cha mvule hustahimili mchwa vizuri. Paini na mkaratusi vinahitaji dawa. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka, ninawasihi muiache, kwa kuwa huchafua udongo na maji ya kisima.

Huku Arua jua ni kali, na karakana yangu ya mabati inakuwa tanuri ifikapo mchana. Nifanye nini?

Sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, na jua linalopenya chini kwa chini ni lile la asubuhi kutoka mashariki na la jioni kutoka magharibi. Anayejenga upya aelekeze kuta ndefu na madirisha yake kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na madirisha zitazame mashariki na magharibi. Kwako wewe uliyekwisha kujenga, tatizo kubwa liko kwenye paa. Fungua mwanya chini ya mabati pande zote mbili, uweke wavu wa kuzuia popo na ndege, upake paa rangi nyeupe, na urefushe mapaa yatoke nje ya ukuta kwa futi 2. Mikeka ya mafunjo chini ya paa hupunguza joto na kelele za mvua, lakini isiwekwe kabisa mahali panapochomelewa vyuma au kutumiwa grinda.

Asalaam aleikum, mwalimu. Tuko Bombo. Mwanangu anataka kuanza kuchomelea, na anasema atavuta umeme kutoka soketi ya sebuleni kwa waya mrefu. Ninaogopa. Je, nina haki ya kuogopa?

Waaleikum salaam, mzee wangu. Una haki kamili, na usimruhusu. Mashine ya kuchomelea huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na waya mwembamba uliozoea redio na taa hupata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hamwezi kuuona. Waya wa kurefushia ukiachwa umeviringishwa huwa hatari zaidi, kwa kuwa joto lake halina pa kutokea, na ganda la plastiki huyeyuka mnakunywa chai.

Karakana ipate laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi kuu, iliyozikwa ndani ya bomba, ikiwa na swichi zake za kujikata. Soketi za kawaida huwekewa waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, na soketi ya kuchomelea iwe ya peke yake, yenye waya mnene zaidi kulingana na amperi zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Ongezeni kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kwa miliamperi 30, kwa sababu hicho ndicho kinachookoa maisha ya mtu aliyegusa waya huku amesimama kwenye maji, na fimbo ya ardhi, ile ya chuma inayopeleka umeme uliovuja ardhini, ipigwe chini hadi kwenye udongo wenye unyevu. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Mwombeni awaonyeshe kibali chenyewe. Ikiwa mzigo wa umeme utapita uwezo wa mita yenu ya Yaka (ya kulipia kabla ya kutumia), peleka ombi UEDCL, kampuni ya umeme ya serikali, ambao ndio wanaosambaza umeme tangu Aprili 2025.

Kijana asikose kofia yenye kioo cheusi, na mahali pa kuchomelea pazungushiwe pazia zito lisiloshika moto, kwa kuwa mwanga ule huunguza macho ya watoto wanaosimama kutazama, na maumivu huja usiku. Dirisha liwe wazi: tangu 2017 moshi wa kuchomelea umeorodheshwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mvua ya radi ikikaribia, kazi isimame na plagi zichomolewe.

Mimi ni binti wa Mbale, ninaanza useremala. Nina fedha za kitu kimoja tu: mashine ya randa au benchi?

Binti yangu, jenga benchi. Simama wima, ulegeze mikono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono wako. Hicho ndicho kimo chake, na kama utapiga randa ya mkono kwa wingi, lipunguze kidogo ili uzito wa mwili ukusaidie. Tumia miguu ya inchi 4 kwa 4 na uso wa mbao nene, uliweke chini ya dirisha la kaskazini, na ulifunge kwa bolti badala ya misumari, kwa kuwa mbao zikikauka na kulegea, bolti hukazwa tena kwa spana.