Mauser yangu ni pacha wa ile ya kweli?

SWALI: Shikamoo mzee. Nakusanya mifano ya bunduki za kale. Juzi nimeuziwa Mauser ya 1871, ile bunduki ya Kijerumani, ndefu, ya mapambo. Muuzaji anaapa ni pacha wa ile ya kweli. Picha hiyo hapo. Nitajuaje?
Mkusanyaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tazama skrubu za kitako: zinafunguliwa kwa bisibisi ya nyota! Hizo zilianza kuenea miaka ya 1930. Za Mauser ile zilikuwa na mfereji mmoja tu. Mkono wa kukokia nao umepinda chini. Kwenye bunduki ndefu ya askari wa miguu ulinyooka. Uliopinda ni wa ile fupi ya wapanda farasi. Sasa iazimie mzani wa viazi hapo sokoni. Ya kweli ilikaribia kilo 4 na nusu.

Usiitupe lakini. Yangu ni mninga mtupu, nyepesi kama mwiko, na kwenye igizo la vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe walipowapiga Wajerumani, watoto waliipigania. Ila ukiisafirisha, ifunge gunia zima. Mimi niliacha mtutu nje, konda akanishusha Ipogolo.