Usikimbilie Kuinua Kielelezo: Ushauri kwa Mzamiaji Anayetafuta Ushahidi

Mara ya kwanza nilipotumwa kutafuta bastola iliyotupwa Ziwa Victoria, niliipata mapema, nikaibuka nayo mkononi, na mwenzangu aliyekuwa kwenye boti akaifuta kwa kitambaa ili tope lisichafue bahasha ya vielelezo. Ilipofika maabara ilikuwa imeshika kutu, na kama palikuwa na alama za vidole, tulikuwa tumezifuta sisi wenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya niwaandikie vijana wanaoingia katika kazi hii.

Askari wengi huamini kwamba maji huosha kila kitu. Ni kweli kwamba chumvi ya jasho huyeyuka, lakini mafuta ya mwilini hayayeyuki upesi, na maabara zina unga unaochanganywa na kimiminika ambao hunasa mafuta hayo hata juu ya kitu kilicholowa. Chuma nacho huanza kuliwa na kutu kwa kasi pale kinapotolewa majini na kukutana na hewa. Kwa hiyo shuka na chombo kigumu cha plastiki, kiweke kielelezo humo ukiwa bado chini, kifunike kikiwa kimejaa maji yaleyale, na ukikabidhi hivyo hivyo.

Kabla ya kukigusa, funga boya mahali hapo ili walio juu wachukue vipimo vya GPS, kumbuka kina na namna kilivyolala, kisha chota tope la kando yake. Katika maji yasiyokuonyesha hata kiganja chako, macho yako ni vidole: tandaza kamba kati ya mawe mawili, ifuate polepole, isogeze, urudi tena, huku mwenzako wa juu, anayeshika kamba uliyofungwa mwilini, akisoma mivuto yako.

Gari lisivutwe kabla hujapapasa na kukumbuka hali ya madirisha, gia, mikanda na swichi ya taa, kwa maana maji yanayomwagika wakati wa kulivuta huondoka na vitu vidogo. Gari lililotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mwaka 2019 lilipatikana katika kina cha takriban mita 58, ambako shinikizo hukaribia mara saba ya lile la juu. Kina cha namna hiyo waachie wenye mafunzo na vifaa vyake.

Maiti ndiyo inayodai subira kuliko vyote. Usidhani kwamba kila aliyepatikana majini amekufa maji. Funika mikono yake kwa mifuko kabla ya kumpandisha, mtie katika mfuko wa matundu madogo unaochuja maji, na uchukue maji ya mahali hapo kwenye chupa safi, kwa sababu daktari huenda akataka kulinganisha vijimea vidogo sana vya maji hayo na vile vilivyo mwilini mwa marehemu, ili kupima kama kweli alikufa maji.

Ndugu wa marehemu watakuwa wameketi ufukweni tangu alfajiri, na kila dakika kwao ni mateso. Kabla ya kuvaa mtungi, mwendee mzee wa familia, umpe pole, umweleze kwamba mtachelewa na kwa nini.