Kuku wa mnadani usimwingize bandani

Mkuu, hapo uliposema umepata matetea na jogoo wa bei chee mnadani na unataka "kuwachanganya na vifaranga wazoeane mapema", ishia hapo hapo. Mambo ya mabanzi, bati na chakula tutaongea baadaye. Hata ukijenga banda la marumaru, kideri, ule ugonjwa wa Newcastle unaofyeka kuku, hakipigi hodi.

Nilikuwa na kuku chotara nyuma ya nyumba huku Kivule, wanakaribia kutaga. Nikatafuta jogoo. Jamaa wa matenga akanitolea mmoja mwekundu, upanga umesimama, macho makali: "Huyu wa Singida, kachanjwa, huyu hafi leo wala kesho." Na kweli hakufa! Wamekufa wangu. Yeye kila alfajiri anawika juu ya misiba ya wenzake.

Kuku wa mnadani wametoka nyumba tofauti, wamebanana kwenye lori, wanapumuliana njia nzima. Mwenye kinga anaweza kuambukizwa asiumwe, ila anamwaga kirusi kwenye kinyesi na mate. Asiye na kinga naye anaweza kukaa siku 2 mpaka 15 ndipo dalili zitoke. Kwa hiyo "mbona mzima" ni maneno ya muuzaji, siyo kipimo.

Wangu walianza kuharisha kijani, mbawa chini, wanahema mdomo wazi. Tetea mmoja shingo ilijipinda akawa anatazama bati. Ukimsogezea pumba anadonoa hewa pembeni ya sahani. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Yule bwana hakuuliza hata kuku wana nini, akanifungia antibayotiki, vitamini na ya minyoo juu. Kideri ni kirusi, hakina tiba, na yeye anajua! Jirani akaleta shubiri na pilipili. Aisee, kuku wangu wamekufa wakiwa wameshaungwa viungo. Mbuzi kafia kwa muuza supu, mimi hata supu sikunywa.

Sasa shika hili moja: kuku mgeni anakaa peke yake wiki 3. Siyo kona nyingine ya banda lile lile, namaanisha upande mwingine wa uwanja, na chombo chake cha maji, na ndala za kuingilia kwake tu. Hudumia wako kwanza, yeye mwisho. Mke wangu ananiita afisa uhamiaji, sijali.

Na vifaranga wachanje kabla hujaleta mgeni yeyote. Ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi 3. Ukitumia chanjo ya kunywesha kwenye maji, usichanganye na maji ya bomba, klorini inaiua. Tafuta ya kisima yasiyotiwa dawa au ya mvua, na wanyime maji saa 1 au 2 kabla ili wote wanywe haraka.

Banda? Mirunda na mabanzi yanatosha, chini paka oili chafu mchwa wasikufilisi, kuku wakubwa wasizidi 5 kwa mita 1 ya mraba. Habari za wavu, wengine watakuja kukuelekeza.

Huyo jogoo kama umeshamlipia na huna pa kumtenga, chinja leo, kula na wali wa nazi. Manyoya na utumbo fukia mbali, na mikono unawe kwa sabuni kabla hujagusa vifaranga.